Kikombe cha artemisia na swichi za baridi

Likizo iliyopita, nyumbani Issenye, nilimkuta mama mdogo akichemsha majani ya artemisia. Mjukuu wake alikuwa na homa tangu usiku. Miche aliletewa na ndugu kutoka Arusha, akaipanda nyuma ya jiko. "Frateri," aliniambia, "si ndiyo hii wanatengenezea ile dawa ya mseto?" Alikuwa sahihi. Hata hivyo nilimwomba tumpeleke mtoto zahanati kwanza, na sababu yangu, mpendwa msomaji, inaanzia mbali kidogo: kwenye baridi.

Mmea hauna blanketi wala miguu ya kuhama. Baridi ikizidi, utando unaozunguka kila seli hukakamaa, kalsiamu huingia ndani, na hiyo ndiyo ishara ya hatari. Ishara hiyo huamsha protini ambazo kazi yake ni kushika jeni nyingine na kuziwasha au kuzizima, kama swichi za umeme. Mwaka 1997 maabara ya Michael Thomashow huko Marekani ilieleza mojawapo, CBF1, katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Protini hii huwasha jeni nyingi kwa pamoja. Seli hulimbikiza sukari na kutengeneza protini za kulinda utando, kabla barafu haijafika.

Mwanafunzi wa falsafa hapa hukumbuka Aristotle na somo la uwezo na utendaji. Jeni zote hizo zilikuwamo mchana wa jua. Baridi haikuongeza hata moja. (Aristotle hakujua jeni, walimu wangu wanisamehe.) Kwa nini basi swichi isiachwe imewashwa siku zote? Watafiti walijaribu. Mimea ilistahimili barafu bila kuzoeshwa baridi kwanza, lakini protini za aina hii zikizidi, mmea hudumaa. Kujilinda kuna gharama yake.

Turudi kwa artemisia, ndugu wa pakanga, jina tunalolisoma katika Ufunuo 8:11. Dawa yake, artemisinini, hutengenezwa katika vitezi vidogo vilivyo juu ya majani. Mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha kwamba baridi huongeza homoni ya mmea iitwayo jasmoneti, nayo husababisha jeni za kutengeneza artemisinini zifanye kazi zaidi. Mwaka 2019 ikaelezwa swichi nyingine, bHLH112, ambayo baridi huiamsha. Yenyewe huiwasha ERF1, na ERF1 ndiyo inayosukuma utengenezaji wa dawa.

Maana yake ni kwamba kiasi cha dawa ndani ya jani si kitu kilichosimama. Hupanda na kushuka kufuatana na baridi, aina ya mbegu, wakati wa kuvuna, hata namna ya kukausha. Issenye hatuna barafu. Je, kichaka cha nyuma ya jiko kina dawa kiasi gani? Macho hayawezi kusema, ulimi pia hauwezi; uchungu wa chai si kipimo.

Tena kuna suala la moto. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alishuku kwamba kuchemsha kunaharibu dawa, baada ya kusoma maelekezo ya kale ya Ge Hong ya kuloweka mmea huo katika maji na kuukamua. Mwaka 1971 alitumia etha, inayochemka kwa nyuzi 35 tu, akafanikiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono kutibu malaria kwa chai au majani ya artemisia: dozi haijulikani, mara nyingi ni ndogo, na dozi ndogo huwapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa ambayo sote tunaitegemea.

Mama mdogo alisikiliza, akaepua sufuria. "Kumbe mti nao unasikia baridi," alisema, akamfunga mtoto mgongoni. Zahanati walimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa vidonge vya mseto vya siku tatu kulingana na uzito wake. Kichaka bado kipo nyuma ya jiko. Anasema kinafukuza mbu, na hapo sikubishana naye.