Damu Haipimi Ukali wa Bipolar

Wazazi wanaoleta vijana wao maabara kwetu Morogoro huniuliza: "Dokta, huu ugonjwa hauonekani kwenye damu?" Nyumbani naulizwa vilevile, maana mdogo wangu anaishi na bipolar, ugonjwa unaomtoa mtu kwenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi, na kumtumbukiza kwenye sonona. Jibu langu ni hili: damu inasema jambo la kweli kuhusu ugonjwa huu, ila haisemi umefikia ukali gani.

Chukua kipimo cha CRP. Hiyo ni protini inayotengenezwa na ini pale kinga ya mwili inapopambana na maambukizi au jeraha. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Kwa njia ya zamani, naweka tone la seramu kwenye kibao cheusi, nachanganya na tone la kitendanishi cheupe, kisha nakizungusha taratibu kwa dakika mbili. Mchanganyiko ukibaki laini, CRP iko chini. Ukikatika kama maziwa yaliyoharibika, iko juu. Anayeliamrisha ini ni intalukini 6, mmoja wa wajumbe wa kinga waitwao saitokini.

Mwaka 2016 watafiti walijumlisha tafiti 27 zenye wagonjwa wa bipolar zaidi ya 2,000. Kwa wastani CRP yao ilikuwa juu kuliko ya watu wasio na ugonjwa huo, hata walipokuwa wametulia, na ilizidi wakati wa mania. Kipindi kibaya kikipita, ilishuka kidogo. Lakini miongoni mwa waliokuwa kwenye mania, au kwenye sonona, CRP haikwenda sambamba na ukali wa dalili.

Kwamba kinga inaweza kuitikisa hisia, hilo lilionekana kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C: wengi waliochomwa sindano za interferoni, dawa ya kuamsha kinga, walipata sonona. Wataalamu wakajaribu kinyume chake, kuituliza kinga. Mwaka 2019 yakatoka majibu ya infliksimabu, dawa inayozuia saitokini iitwayo TNF. Kwa ujumla, wenye sonona ya bipolar walioipata hawakuwashinda waliopewa dawa bandia. Nafuu ilionekana kwa baadhi tu, waliopigwa na kuteswa utotoni.

Huku kwetu lipo jambo jingine. Malaria hupandisha CRP. Jipu, jino lililooza, kifua kikuu, hata unene, vyote huipandisha. Majibu yakiwa juu, utafutwe kwanza ugonjwa wa mwili na utibiwe. Mwenye bipolar naye huumwa malaria, na inaniuma kuona malalamiko yake yakipuuzwa eti ni akili tu.

Ukali tunaupima kwa kuangalia na kuuliza. Madaktari wana dodoso la mania lenye vipengele 11, linalotumika tangu 1978. Nyumbani tuna daftari la shule: kila asubuhi mdogo wangu anaandika amelala saa ngapi na ameamka na hali gani. Usingizi ukipungua huku nguvu zikizidi, tunawahi kliniki.

Nawaomba jambo moja. Wengi wakisikia kinga ya mgonjwa imechachamaa, hukimbilia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni ili kuituliza. Kwa anayetumia litiamu, dawa ya bipolar, hiyo ni hatari: dawa hizo huzuia figo kuitoa litiamu, ikajaa kwenye damu hadi ikawa sumu. Akianza kutetemeka sana mikono, kutapika, kuharisha au kuyumba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na kabla ya kununua dawa yoyote ya maumivu, mwambieni mfamasia kwamba mgonjwa wenu anatumia litiamu.