Kuendeleza Maneno Nyumbani: Shauri kwa Wazazi wa Bungoma na Kitale

Mzazi wa Bungoma afunguapo daftari la mwanawe wa Gredi ya Kwanza akakuta pameandikwa kari mahali pa gari, tuka mahali pa duka, na chana mahali pa jana, aghalabu huwa mwepesi wa kusema kwamba mtoto ni mzembe au kwamba mwalimu hafundishi. Walakini akiyatazama makosa hayo kwa utulivu ataona kwamba yana nidhamu yake, kwa kuwa mtoto yule hakukosea ovyo, bali amekosea kwa kaida moja tangu neno la kwanza hata la mwisho, na akoseaye kwa kaida ni mtu anayesikiliza.

Kaida yenyewe ni hii. Katika Kibukusu, lugha ya nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia, sauti za b, d, g na j kama zitamkwavyo pwani hazisimami peke yake. Hupatikana zikitanguliwa na m au n, kama katika omundu, yaani mtu, au embusi, yaani mbuzi. Zikikosa mwenzi huyo, ulimi uliolelewa kwa Kibukusu huelekea p, t, k na ch, na hata ile b iliyomo katika jina la Bukusu hutamkwa kwa midomo kukaribiana pasipo kufungana. Basi mtoto aandikaye papa akikusudia baba ameandika Kibukusu sahihi, maana ndivyo amwitavyo mzazi wake asubuhi na jioni, ingawa msomaji wa Mombasa atadhani habari ni ya samaki. Tena tahajia tunayomdai haikupimwa kwa sikio la watu wa bara: kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilifuata lafudhi ya Unguja, na mtoto wa Kanduyi au Kiminini anatakiwa aandike kwa sikio la mahali ambapo hajapata kupaona.

Kwa hiyo kumwandikisha neno gari mara hamsini ni kuuchosha mkono kwa kosa la sikio. Mzazi na aanze kooni. Mtoto aweke vidole viwili juu ya koromeo, aseme s kwa kuivuta, kisha z vivyo hivyo. Mara moja atahisi mtetemo katika ile ya pili ambao haukuwamo katika ya kwanza, na aghalabu atacheka. Hapo ndipo pa kutumia mali ambayo Mbukusu anayo tayari: na aseme mba, kisha aizuie m na kuibakiza ba, aseme nda, abakize da, nga, abakize ga, nja, abakize ja. Sauti iliyodhaniwa kuwa ya kigeni hudhihirika kuwa imo kinywani mwake tangu alipoanza kusema, ila alikuwa haijui ikiwa peke yake. Baada ya hayo apewe maneno mawili mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, kama pata na bata, choka na joka, tua na dua, kamba na gamba. Mzazi ataje moja, naye mtoto aonyeshe kwa ishara au kwa picha ni lipi alilolisikia. Kalamu isiguswe mpaka sikio limekwisha kuamua.

Liko kosa jingine ambalo, kwa kusema kweli, ni letu sisi wazazi. Tumezoea kuzitaja herufi kwa majina ya Kiingereza, ambapo a huitwa ei, e huitwa ii, na i huitwa ai. Kisha tukishamwambia mtoto aandike ii naye akaandika i, tunamkemea ilhali ametii. Vitabu vya kujifunzia kusoma vya mradi wa Tusome, vilivyoingia shule za umma tangu mwaka 2015, huanza na sauti za herufi na silabi, na nyumbani hatuna hoja ya kuleta kaida nyingine.

Ama kuhusu sura za maneno, hakuna hazina iliyo karibu kuliko majina ya watoto wenyewe. Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, Simiyu na Nasimiyu: mtoto ajuaye kwamba mwanzo wa jina hubadilika na sehemu iliyosalia ikadumu, amekwisha kuelewa nusu ya sarufi ya Kibantu. Ayakate majina kwa silabi, Wa-fu-la, kisha ile fu aitafute katika fua na fupi, na la katika lala na kula. Vivyo hivyo kumusala na kimisala, yaani mti na miti, humfunulia kwamba u ya umoja hugeuka i ya wingi, na ile i ataiona tena katika miti, mito na mikono. Hata safari ya matatu kutoka Kitale kwenda Webuye ina darasa lake, kwani njiani pana Kamukuywa na Misikhu, na ile kh ya Misikhu ndiyo ya khusoma ya nyumbani, ambayo shuleni huwa kusoma. Akiisha kuambiwa wazi kwamba k na kh ni jirani wenye nyumba mbalimbali, hatazichanganya sana.

Mzazi wa Kitale awe na hadhari zaidi, maana mji ule umekusanya watu wengi, na kila nyumba ina makosa yake. Mtoto wa Kikuyu, ambaye lugha yake haina l, hutaabika na l na r. Msabaoti ana taabu yake ya p na b. Tiba ya jirani isiazimwe kabla ya kujua lugha inayosemwa jikoni.

Kiingereza na kingoje kidogo. Light, night na right zitajifunzwa kwa jicho, kama familia ya sura moja, kwa kuwa hapo sikio halimwokoi mtu.

Muda wa robo saa jioni watosha, kwa chaki ukutani au punje za mahindi zilizopangwa mkekani. Na siku za Jumamosi mambo yageuzwe: mtoto awe ndiye asomaye imla, mzazi aandike, tena aandike tuka kwa makusudi, aone kama atakamatwa.