Askari wa Bomu na Ugonjwa Uliokawia



Hatari nyingi za kazi tunaziona kwa macho. Jiwe linaanguka, kamba inakatika, moto unawaka. Mtu akiumia, kila mmoja anajua siku, saa na sababu. Lakini iko hatari nyingine isiyopiga kelele. Inaingia mwilini leo, inakaa kimya, na inajitokeza baada ya miaka 10, 20 au 30, wakati mtu amekwisha kuacha kazi na shefu wake hayuko tena.

Leo tutawaeleza habari za watu waliopatwa na hatari ya namna hiyo. Ni askari wa Marekani waliowekwa karibu na mabomu ya atomiki. Habari yao inatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya madini ya kazi ile ilitoka kwetu Katanga. Pili, jambo lililowapata linaweza kumpata mtumishi yeyote anayefanya kazi katika vumbi, gesi au dawa kali.

Mawe ya Shinkolobwe

Shinkolobwe iko karibu na Likasi. Uraniumu yake ilivumbuliwa mwaka 1915, na Union Minière ikaichimba. Mwaka 1940, vita ilipokuwa imeanza, Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, yakawekwa katika ghala. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, kisha likaagiza mengine. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Wazee wetu walioyachimba na kuyapakia hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

Waliopangwa mbele ya bomu

Kati ya mwaka 1945 na 1962, Marekani ililipua mabomu mengi mahali pa wazi, katika jangwa la Nevada na katika visiwa vya bahari ya Pasifiki. Walitaka kujua nguvu ya bomu, na kama askari wanaweza kupigana karibu nalo. Askari zaidi ya 200,000 walishiriki katika majaribio hayo.

Mwezi wa Julai 1946, watu karibu 42,000 walipelekwa Bikini. Bomu la pili, la tarehe 25 Julai, lililipuliwa chini ya maji. Maji yenye sumu yaliruka juu na kuangukia meli zilizowekwa hapo kwa majaribio. Kisha mabaharia walitumwa kupanda meli hizo na kuzisugua kwa sabuni na burashi. Wengi walivaa nguo zao za kila siku tu. Walisugua, lakini uchafu wa mionzi haukutoka. Ilibidi bomu la tatu liachwe.

Huko Nevada, kati ya mwaka 1951 na 1957, askari walilala katika mahandaki, kilomita chache kutoka bomu. Baada ya mlipuko waliamriwa kutoka na kutembea kuelekea mahali lilipolipuka, katika vumbi lile. Si wote waliopewa filamu ndogo ya kupima mionzi, ile inayovaliwa kifuani. Mara nyingine mtu mmoja aliivaa kwa ajili ya kundi zima.

Jioni walikung'uta nguo zao, wakala, wakalala. Wengi hawakusikia maumivu yoyote. Mionzi haina rangi wala harufu, na kipimo kidogo hakiunguzi ngozi kama moto. Walirudi nyumbani wakaoa na kuzaa, wakidhani jambo limekwisha.

Ugonjwa unatokea

Tarehe 31 Agosti 1957 bomu lililoitwa Smoky lililipuliwa Nevada mbele ya askari wengi. Karibu miaka 20 ilipita. Askari mmoja wa siku ile akaugua kansere ya damu, naye akawaeleza wanganga mahali alipokuwa zamani. Wanganga wa serikali wakaanza kuwatafuta wenzake, mmoja mmoja. Mwaka 1980 walitangaza waliyoyaona: kati ya watu 3,224, 9 walikuwa wamepata kansere ya damu. Katika kundi la watu wengi hivyo, walitazamia kuona 3 au 4 tu.

Tuangalie jambo moja hapa. Kama mgonjwa yule angalinyamaza, nani angalihesabu wengine? Maneno yake kwa munganga ndiyo yaliyofungua njia.

Taabu ya ushahidi

Mtu anaweza kuuliza: kama ilikuwa hivyo, kwa nini askari hawa hawakusaidiwa mara moja?

Sababu ya kwanza: kansere haina alama inayosema imetoka wapi. Anaipata aliyesimama mbele ya bomu, na anaipata asiyeliona kamwe. Munganga akimtazama mgonjwa mmoja, hawezi kusema kwa hakika, «Hii ni ya bomu.»

Sababu ya pili: askari walikatazwa kusema. Amri ya siri iliwafunga hata mbele ya bibi zao na wanganga wao. Sheria ya kuwafungulia midomo ilipatikana mwaka 1996 tu, wengi wakiwa wamekwisha kufa.

Sababu ya tatu: makaratasi yalikosekana. Wengine hawakupimwa hata siku moja. Halafu mwezi wa Julai 1973 moto uliunguza nyumba ya serikali karibu na St. Louis, mlimotunzwa vitabu vya askari. Mafaili milioni 16 hadi 18 yaliteketea. Mzee mgonjwa aliambiwa alete ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa majivu.

Lakini wengine hawakukata tamaa. Orville Kelly, aliyekuwa askari katika visiwa vya Pasifiki na kuona mabomu mengi mwaka 1958, alipatwa na kansere. Mwaka 1979 alianzisha chama cha askari wa bomu, ili wasimame pamoja wala kila mmoja asibishe mlango peke yake. Alikufa mwaka 1980, lakini chama kilibaki.

Mwaka 1988 sheria mpya ilitoka. Ilisema: kama askari alikuwa mahali pa bomu, na ana mojawapo ya kansere 13 zilizoandikwa, asiulizwe tena alipata mionzi kiasi gani. Mwaka 1990 sheria nyingine iliwaingiza katika malipo watu waliokaa upande ule upepo wa mabomu ulikopeleka vumbi, na pia wachimbaji wa uraniumu wa Marekani. Ufaransa ilitoa sheria yake mwezi wa Januari 2010, kwa ajili ya waliokuwa katika majaribio yake ya Algeria na ya visiwa vya Polynesia. Kwa wengi malipo yalipofika, aliyeyapokea alikuwa mjane.

Namna sumu inavyofanya kazi

Mwili wetu umejengwa kwa vijumba vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Kila kijumba kina maagizo ndani yake ya namna ya kukua na wakati wa kuacha kukua. Mionzi inaweza kuharibu maagizo hayo. Mara nyingi mwili unatengeneza palipoharibika. Pengine haufaulu, na baada ya miaka mingi kijumba kile kinaanza kuzaana bila kiasi. Hiyo ndiyo kansere.

Katika mgodi wenye uraniumu kuna tena gesi ya radoni. Hatuioni wala hatuinusi. Mahali pasipo hewa safi inajikusanya, na mtu akiivuta inaharibu mapafu. Mwenye kuvuta tumbaku anaongeza hatari yake mara nyingi. Vumbi la mawe nalo lina ubaya wake: linakausha mapafu hata pasipo mionzi yoyote.

Kwa hiyo tufanye nini?

1. Toboa jiwe kwa maji, usitoboe likiwa kavu. Vumbi lililoloweshwa haliingii kifuani.

2. Usizime wala kuziba mashini ya hewa. Ikiharibika, toka, mwambie shefu.

3. Vaa maski yako sawasawa. Maski inayoning'inia shingoni hailindi kitu.

4. Kama umepewa kipimo cha mionzi, kivae kila siku, wewe mwenyewe. Usimwazimishe mwenzako. Kipimo kisichovaliwa ni karatasi tupu kesho.

5. Usile, usivute sigara mahali pa vumbi. Nawa kwanza.

6. Usipeleke nguo za kazi nyumbani. Mama anayezikung'uta anavuta vumbi lile lile, na mtoto anayecheza karibu naye pia. Zikilazimika kufuliwa nyumbani, ziloweshwe kwanza na zisichanganywe na nguo za watoto.

7. Usiingie Shinkolobwe. Serikali iliifunga kwa amri mwezi wa Januari 2004. Mwezi wa Julai mwaka ule ule sehemu ya mashimo yake iliporomoka na kuua wachimbaji.

8. Kikohozi kinachopita wiki mbili, damu katika makohozi, kukonda bila sababu, uvimbe usioondoka, kidonda kisichopona: usingoje, nenda lopitali. Pengine si kansere, pengine ni kifua kikuu, nacho kina dawa. Na ukifika mbele ya munganga, mweleze kazi zote ulizofanya tangu ujana wako, hata zile za miaka 30 iliyopita. Asipoambiwa, hawezi kujua.

Daftari la nyumba

Tunawaomba jambo moja zaidi, nalo halina gharama kubwa. Nunueni daftari moja. Andikeni humo: mwaka niliingia kazini, mgodi gani, kazi gani, vumbi gani au dawa gani niliyoshika, majina ya niliofanya nao kazi. Wekeni pamoja karatasi za lopitali, picha za mapafu na vyeti vya kazi, mahali pasipofika mvua wala mchwa. Baba asiyejua kuandika amwite mtoto wake anayesoma amwandikie. Mama ajue daftari liko wapi, maana pengine ni yeye atakayelihitaji.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Askari wa bomu walipoteza afya bila daftari, wakabaki miaka mingi wakiomba kusadikiwa. Sisi tujilinde leo kazini, na leo jioni tuandike ukurasa wa kwanza.