Mtoto Akikataa Dawa ya Homa, Tufanye Nini?



Mtoto wako ana umri wa mwaka mmoja na nusu. Jana usiku mwili wake ulichemka. Leo asubuhi umempeleka zahanati. Amepimwa damu na ameonekana ana malaria. Umepewa dawa na umeelezwa namna ya kuitumia. Sasa ni jioni, uko nyumbani, na saa ya dawa imefika. Mtoto anaiona dawa, anafunga mdomo. Anageuza uso. Anapiga mateke. Ukimtilia dawa mdomoni, anaitema yote kwenye kanga yako.

Je, utafanya nini? Wako wanaomlaza mtoto chali na kumbana pua. Wako wanaomwonea huruma na kuiacha dawa. Njia zote mbili ni za hatari. Leo tujifunze njia ya tatu.

Dawa mbili, kazi mbili

Kwanza tuelewe jambo moja. Si kila homa ni malaria. Ndiyo maana zahanati tunachukua tone la damu kidoleni na kulipima. Majibu hupatikana kwa dakika 15 au 20 hivi. Usimpe mtoto dawa ya malaria kwa kukisia.

Mtoto mwenye malaria mara nyingi hupewa dawa mbili. Ya kwanza ni parasetamoli. Kazi yake ni kupunguza joto la mwili na maumivu. Haiui vijidudu vya malaria. Dawa ya pili ni dawa mseto. Hii ndiyo inayoua vijidudu vilivyomo ndani ya damu.

Wazazi wengi hukosea hapa. Mtoto akipewa dawa siku ya kwanza, joto hushuka. Anaanza kucheza na kuku uani. Mama anasema, "Mwanangu amepona, ya nini kumliza tena?" Lakini vijidudu vingine bado vimo ndani ya damu. Vinangoja tu.

Mama mmoja aliniletea mtoto wake siku ya tatu. Mtoto alikuwa amelegea. Nilimwuliza mama habari za dawa. Alifungua pindo la kanga yake, akanionyesha vidonge vinne. Alisema, "Mganga, alilia sana, nikamwonea huruma." Saa ile ile mtoto akashikwa na degedege. Tulimpa huduma ya kwanza, na akapelekwa hospitali. Kwa bahati njema alipona. Lakini vidonge vile vinne vilipaswa kuwa tumboni mwa mtoto, si katika pindo la kanga.

Hesabu ya vidonge sita

Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 hadi chini ya kilo 15 hupewa kidonge kimoja cha mseto kila mara. Hupewa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Jumla ni vidonge sita. Mtoto mzito zaidi hupewa zaidi. Ndiyo maana tunampima uzito kwanza.

Kidonge cha pili hutolewa saa nane baada ya cha kwanza. Kama cha kwanza amekimeza saa 4 asubuhi, cha pili atakimeza saa 12 jioni ya siku hiyo. Kesho atameza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Keshokutwa vivyo hivyo.

Kama hujui kuandika vizuri, chora vijiti sita ukutani kwa mkaa. Kila anapomeza kidonge, kata kijiti kimoja. Vijiti vyote sita vikikatwa, dawa imekwisha.

Parasetamoli ina hesabu yake. Fuata kipimo ulichopewa zahanati. Kati ya mara moja na nyingine zipite saa sita. Isizidi mara nne kwa usiku na mchana. Ikizidi kipimo, huharibu ini. Aspirini asipewe mtoto mwenye homa.

Kwa nini mtoto hukataa?

Babu na bibi wanakumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu kama shubiri. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Siku hizi yako mseto ya watoto inayoyeyuka ndani ya maji na iliyotiwa utamu. Hata hivyo mtoto anaweza kukataa.

Anakataa kwa sababu anaumwa na ana kichefuchefu. Anakataa kwa sababu anakumbuka jinsi alivyobanwa mara iliyopita. Anakataa pia kwa sababu yuko katika umri wa kusema "sitaki." Hata uji anaoupenda huukataa siku nyingine. Huo si ukaidi wa kupigiwa. Ndiyo makuzi yenyewe.

Tena anatazama uso wako. Ukija na kikombe huku umekunja uso, naye ataogopa.

Njia ya kumpa dawa

Fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine.

1. Andaa kila kitu kabla ya kumwita mtoto. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe kidogo kilicho safi, kijiko, na maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa.

2. Mpe mtoto chakula kidogo kwanza. Dawa mseto hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa tumboni mna chakula chenye mafuta kidogo. Maziwa yanafaa. Uji wa karanga unafaa. Anayenyonya, mnyonyeshe.

3. Yeyusha kidonge katika maji machache, kama vijiko viwili vya chai. Kama si cha kuyeyuka, kisage kwanza kati ya vijiko viwili safi. Usitie maji mengi. Maji yakiwa mengi, dawa inakuwa nyingi ya kumeza, na ugomvi unakuwa mrefu.

4. Mpakate mtoto. Akae wima, kichwa kikiwa juu. Mkono wake mmoja upite nyuma ya mgongo wako. Ule mwingine ushike kwa upole. Kama anapiga mikono sana, mzungushie kanga, au baba amsaidie mama kumshika. Kazi hii si ya mama peke yake.

5. Mwambie ukweli kwa maneno machache. "Hii ni dawa. Itaondoa homa. Tunakunywa, halafu utakula ndizi." Usimwulize, "Utakunywa?" Ukimwuliza hivyo, atajibu hapana. Mwulize, "Utakunywa kwa kijiko au kwa kikombe? Akunyweshe mama au bibi?" Hapo naye ana la kuchagua, lakini dawa itanywewa.

6. Mtilie dawa ndani ya shavu, upande mmoja, kidogo kidogo. Ngoja ameze, ndipo utie tena. Usiimimine nyuma ya ulimi. Bomba la sindano lisilo na sindano linafaa sana kwa kazi hii. Liombe zahanati.

7. Suuza kikombe kwa maji kidogo, umpe na hayo. Dawa nyingi hubaki chini ya kikombe.

8. Mpe maji, au ndizi mbivu iliyopondwa, au maziwa, ili ladha iondoke. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kulamba asali kidogo. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

9. Msifu. Mpigie makofi. Mbebe. Kesho asubuhi atakumbuka makofi hayo.

Akilia sana, simama kidogo. Mtulize kwa dakika chache, kisha uanze tena. Lakini usiache kabisa. Mtoto akijua kuwa kilio kinaiondoa dawa, kesho atalia zaidi.

Mambo ya kuepuka

Usimbane mtoto pua. Usimlaze chali ukammiminia dawa. Akilia huku mdomo umejaa dawa, atapaliwa. Dawa itaingia katika njia ya hewa badala ya tumboni. Mtoto anaweza kufa kwa kupaliwa.

Usitie dawa katika bakuli zima la uji. Akiacha nusu ya uji, ameacha nusu ya dawa. Nawe hutajua amekunywa kiasi gani. Kama unataka kuchanganya, changanya na kijiko kimoja tu cha uji au cha ndizi iliyopondwa.

Usimdanganye kuwa dawa ni pipi. Siku nyingine ataziona dawa mezani, azile zote kama pipi. Weka dawa mahali pa juu asipofikia.

Usimtishe kwa sindano. Wazazi wengine husema, "Usipokunywa nitakupeleka kwa mganga akuchome!" Ndugu zangu, maneno hayo yanatupa kazi sisi waganga. Wako watoto wanaoangua kilio wakiliona tu koti langu jeupe mlangoni. Mtoto anayelia hivyo ni vigumu kumpima vizuri.

Usigawe dawa ya mtoto mmoja kwa watoto wawili. Usiweke vidonge akiba kwa homa ya siku nyingine. Nusu ya dawa haimponyi huyu, wala haitamponya yule.

Akitapika je?

Akitapika dawa mseto kabla ya saa moja kupita, hesabu kuwa hajaimeza. Mpanguse, mpumzishe kidogo, kisha mpe dozi ile tena. Nenda zahanati upewe kidonge cha badala, ili hesabu ya sita itimie. Akitapika mara ya pili, usijaribu tena nyumbani. Mpeleke zahanati upesi. Ipo dawa ya sindano kwa mtoto asiyeweza kumeza.

Ukiona dalili zifuatazo, usingoje asubuhi wala usingoje mjomba arudi na baiskeli. Mpeleke mtoto zahanati au hospitali mara moja:

Hawezi kunyonya wala kunywa.
Anatapika kila kitu.
Amelegea sana au hazinduki.
Anapumua haraka au kwa shida.
Ameshikwa na degedege.

Mtoto mwenye degedege, au asiye na fahamu, asitiwe kitu chochote mdomoni. Asipewe dawa, asipewe maji, asitiwe kijiko kati ya meno. Mlaze ubavu, kisha mkimbize hospitali. Watu wengine husema degedege huletwa na ndege wa usiku, wakamfukiza mtoto moshi wa kinyesi cha tembo. Moshi huo hautibu. Unampotezea mtoto muda, na muda ndio uhai wake. Wengine husema mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Si kweli. Mara nyingi sindano hiyo ndiyo inayomwokoa.

Wakati mtoto anaendelea na dawa nyumbani, mvishe nguo nyepesi. Usimfunike blanketi zito. Mpe vinywaji mara kwa mara, na mama aendelee kunyonyesha. Usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa, na wenzake pia.

Tukumbuke

Dawa iliyobaki kikombeni haijamponya mtu. Dawa iliyotemwa haijamponya mtu. Inaponya ile iliyofika tumboni, kwa kipimo chake, kwa siku zake zote. Kuifikisha huko ni kazi ya mzazi, na kazi hii inahitaji upole na msimamo pamoja. Upole bila msimamo huacha vidonge katika pindo la kanga. Msimamo bila upole humpalia mtoto.

Maswali ya kujadiliana

1. Parasetamoli na dawa mseto zinatofautianaje?
2. Kwa nini ni hatari kumlaza mtoto chali na kumbana pua anapopewa dawa?
3. Mtoto ametapika mseto nusu saa baada ya kumeza. Utafanya nini?
4. Katika kijiji chenu, baba na bibi wanaweza kumsaidiaje mama mtoto akikataa dawa?

Anayejua kusoma amsomee jirani asiyejua.