Kijiko cha kimea chalainisha uji wa mtoto

Je, umewahi kupika uji wa mtama ukawa mzito hata mtoto akageuza uso? Bila shaka uliongeza maji. Uji ulipita kooni, lakini tumbo lake dogo lilijaa maji badala ya chakula. Ipo njia nyingine ambayo nyanya zetu waliijua zamani: kimea.

Punje kavu ya mtama ni ghala la wanga. Ikipata maji huamka na kutengeneza vimeng'enya, yaani kemikali zinazokata wanga huo uwe sukari ya kulisha chipukizi. Unga wa kimea ukitiwa katika uji hufanya kazi iyo hiyo. Uji huwa mwepesi bila kuongezwa maji.

Hata hivyo, si kila mtama uliochipua hutoa kimea kizuri. Zingatia mambo matatu.

Kwanza ni maji. Tumia mtama wa kula, wala si mbegu za kupanda zilizotiwa dawa. Uoshe, kisha uuloweke kwa saa 12 hadi 24 ukibadilisha maji mara kwa mara. Punje hupumua, ikikosa hewa hufa, na punje iliyokufa haitoi vimeng'enya.

Pili ni joto. Tandaza mtama kwenye gunia safi, uufunike, uunyunyizie maji na kuugeuza asubuhi na jioni. Joto la nyuzi 25 hadi 30 ndilo bora. Mombasa siku tatu hivi zaweza kutosha, lakini katika baridi ya Julai jijini Nairobi, subiri zaidi. Ukiona kuvu, tupa mtama wote. Kuvu huweza kuleta sumu ya aflatoksini, nayo haiondoki kwa kuchemshwa.

Tatu ni kukausha. Anika juani hadi mizizi ikatike kwa urahisi. Usikaange, kwani moto mkali huua vimeng'enya. Kisha sugua na upepete mpaka mizizi na machipukizi yote yatoke. Usipuuze hatua hii! Machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sianidi, sumu ya kuua. Kamwe usiyale kama mboga. Baadaye saga punje zilizobaki.

Sasa pika uji mzito kama kawaida, uuepue na uache upoe kidogo. Ukiwa moto bado lakini hauchemki, koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Baada ya dakika kumi hivi utauona umelegea. Urudishe motoni uchemke tena ili vijidudu vife, kisha uupoze kabla ya kumlisha mtoto.

Nanyi wanafunzi, jaribuni hivi: gaweni uji mzito katika vikombe viwili, mtie kimea kimoja tu, kisha mvilinganishe. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji maabara.