DHAMANA YA KARATASI

Juma lililopita tulitoka Kasulu alfajiri kwa pikipiki mpya, tukikusudia kufika Kibondo kabla ya adhuhuri. Hatukufika, wala mto Malagarasi hatukuuona. Tulipokwisha kuipita Makere, mnyororo ulilegea, ukaruka meno ya sproketi, kisha ukakatika. Tuliisukuma pikipiki ile vilimani hata mwenye lori alipotuhurumia akaturudisha Kasulu.

Mnyororo mpya hulegea katika safari zake za awali. Ndiyo sababu hupaswa kukazwa mapema, na oili kubadilishwa. Nasi tulikuwa tumekwisha kuipeleka pikipiki kwa muuzaji kwa matengenezo hayo. Kitabu kilipigwa muhuri, chombo hakikuguswa. Tuliporudi kwake na mnyororo mkononi, tuliambiwa kwamba dhamana haihusu mnyororo, vipuri havipo, na fundi amesafiri.

Ndugu wasomaji, sisi tulipoteza siku moja tu. Lakini katika nyanda hizi za juu pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, la mama mjamzito na la gunia la maharage. Kijana aliyeinunua kwa mkopo hudaiwa hata siku ambayo chombo kimelala.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumdanganya mlaji. Basi mnunuzi na adai stakabadhi yake, tena asimame papo hapo fundi anapofanya kazi. Nao wenye maduka na wajue jambo moja: muhuri haukazi mnyororo.