Siku Mbili Kando ya Ziwa Pamoja na Mwana Wetu

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo watu wengi wa kwetu Kewanja hulihesabu kuwa ni upuuzi, yaani watu wa nyumba moja kuacha kazi zao na kwenda kukaa kando ya maji kwa kupumzika tu. Wengine husema, "Hayo ni mambo ya Wazungu na ya watu wenye fedha." Wengine huuliza, "Mkikaa mchangani mchana kutwa, ng'ombe watachungwa na nani?" Maneno hayo yana maana, kwa kuwa sisi ni wakulima na wafugaji, na wengine wetu hutafuta riziki katika dhahabu, wala kazi haimngoji mtu. Lakini sisi tumekwenda na kurudi, nasi twapenda kuwaeleza faida tuliyoiona, na hatari zake pia.

Mwana wetu wa kwanza amekuwa mtu mzima, naye hufanya maisha yake Dar es Salaam. Kila mzazi ajua jinsi ilivyo mwana wa namna hii ajapo nyumbani. Hajakaa kitini, na watu wamekwisha kujaa uani. Mmoja ataka fedha ya shule, mwingine ataka bati, wa tatu ameleta shauri la mpaka wa shamba. Mwana hujibu huku na huku hata siku zake zinakwisha, naye huondoka hali wazazi hawajapata kumwuliza, "U hali gani, mwanangu?" Kwa hiyo alipotuletea habari kwamba atakuja mwezi wa Agosti, mama yake alisema, "Safari hii twende naye Musoma, siku mbili tu, tumwone uso." Nauli tulichanga, kila mtu kadiri ya alicho nacho. Unga tulichukua wetu wenyewe, na ndugu yetu akaaye huko akatupa mahali pa kulala.

Tulipita Tarime, tukaishika barabara kuu iendayo Mwanza, hata tukafika daraja la Kirumi. Hapo watoto wetu wadogo walishangaa kuambiwa kwamba mto ulio chini yao ni Mara ule ule upitao karibu na kwetu. Mto huo hutoka katika milima ya Mau, nchi ya Kenya, hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na urefu wake wote ni kama kilomita 395. Kabla ya kufika ziwani huenea katika kinamasi kikubwa chenye mafunjo, kisha huingia ziwani karibu na Musoma. Wala safari haiishi hapo, maana maji ya ziwa hutoka Jinja katika nchi ya Uganda, yakashuka kwa mto Naili hata bahari ya Mediteranea, pande za Misri. Basi atupaye uchafu mtoni asidhani kwamba umepotea. Amewapelekea jirani zake.

Ziwa hili ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Mwingereza Speke alilifikia mwaka 1858, akaliita kwa jina la malkia wake, Victoria; lakini watu waliokaa kando yake walikuwa na majina yao tangu zamani, na wengi huliita Nyanza hata leo.

Tulikaa chini ya mti karibu na mawe makubwa, tukawatazama wavuvi wakitengeneza nyavu, na wanawake wakigeuza dagaa juani. Tulinunua sato mwaloni, tukampika kwa nyanya na chumvi, tukala na ugali wetu. Hakuna aliyemwita mwana wetu kando kwa shauri. Alicheka na wadogo zake, akalala usingizi mchana kama mtoto.

Watoto walitaka kuingia majini, tukawakataza, wakanuna. Sababu twaieleza hapa, kwa kuwa yawafaa wote. Ugonjwa wa kichocho umo sana katika maji haya. Mgonjwa akijisaidia majini au ukingoni, mayai ya minyoo huanguliwa humo, na vijidudu vyake huingia katika konokono wadogo. Humo huongezeka, kisha hutoka kwa wingi, hasa jua likiwa kali, wakatoboa ngozi ya mtu wala mara nyingi hana habari. Mnyoo huo ulivumbuliwa Misri na mganga Mjerumani, Bilharz, mwaka 1851. Basi watoto wetu walioga kwa maji yaliyochotwa na kuwekwa chomboni siku mbili pasipo konokono, maana katika muda huo vijidudu hao hufa. Na mtu aliyekwisha kuoga ziwani asingoje kuumwa. Aende hospitali apimwe, kwa kuwa dawa ipo, iitwayo prazikwanteli. Tena msipande chombo kilichojaa watu kupita kiasi. Kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Usiku ule hapakuwa na mwezi, nao ndio usiku wa wavuvi wa dagaa. Taa zao zilienea juu ya maji kama mji. Watoto walikuwa wamelala. Mwana wetu akasema, "Baba, Mama, nina neno." Tukanyamaza. Akasema, "Kazi yangu ilikwisha mwezi wa Aprili. Miezi minne nimeogopa kuwaambia, maana nilisema moyoni, nitaingiaje nyumbani mikono mitupu?"

Hatukumjibu upesi. Kisha mama yake akasema, "Mwanangu, siku ile ulipozaliwa hukuja na kitu mkononi, nasi tulikupokea kwa vigelegele." Akalia, mtu mzima yule, wala hakuna aliyemwonea haya.

Asubuhi tulizungumza kama watu watatu wazima. Yeye ana ufundi wa umeme, ila vyombo vya kazi hana. Tukakubaliana kuuza ng'ombe mmoja katika wale tuliowaweka kwa ajili ya mahari yake, ili anunue vyombo na kujaribu kazi Tarime. Yeye mwenyewe alisema kwamba ndoa itangoja kidogo, na ng'ombe atamrudisha. Sasa ameanza, kazi ni chache bado, lakini ipo.

Basi, ndugu zetu, twaona mambo matatu. Kwanza, mwana ajapo kutoka mbali, mpeni siku moja au mbili kabla ya kumletea mashauri yenu. Kama ziwa ni mbali, kivuli cha mwembe kitatosha. Pili, msipime kuja kwake kwa uzito wa mfuko wake. Vijana wengi hukaa mjini miaka mingi, si kwa kuwa wamewasahau wazazi, bali kwa haya. Tatu, nanyi vijana, msifiche shida hata ikawalemea. Ng'ombe mmoja aliuzwa mapema akatosha. Tungalichelewa, labda zizi lote lisingalitosha.

Kazi ni njema, na mvivu hana sifa kwetu. Lakini mtu hana budi kujua amfanyia nani kazi, na hali ya moyo wake ikoje. Jambo hilo halijulikani kwa simu ya dakika mbili. Lataka kuketi pamoja.